Mpwa wangu kapata divisheni 2 ya 20 ila fizikia D, PCB ndo basi tena?

mjomba_wa_Kitangari

Wakuu habari za saa hizi. Nina jambo limenikaa kichwani toka matokeo ya fomu foo yatoke, kila ninayemuuliza ananipa jibu lake, nikaona nilete huku labda kuna mwalimu au mtu aliyepita njia hii.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, kamaliza fomu foo shule ya kata huko Newala. Watu wa kusini mnajua, mambo ya mtoto wa dada yakishafika kwenye shule au ndoa anatafutwa mjomba. Baba yake yupo na ni mtu mzuri tu ila kikao kizima kinasubiri mimi niseme kitu, na mimi niko Mtwara mjini nauza spea za pikipiki hapa Magomeni, elimu yangu iliishia hiyo hiyo fomu foo kwa hiyo haya mambo ya kombi, yale masomo matatu ya fomu faivu, nayasikia tu.

Matokeo yake haya: Kiswahili B, uraia C, historia C, jiografia C, kiingereza C, kemia C, baiolojia C, fizikia D, hesabu D. Divisheni 2 ya pointi 20. Kwa shule yao ile haya ni matokeo makubwa, wenzake wengi wameishia divisheni foo na ziro, na fizikia yenyewe kuna kipindi walikaa bila mwalimu wakawa wanasomeshana wenyewe kwa wenyewe.

Shida ni kwamba anataka udaktari na sio maneno ya mtoto. Bibi yake alipotoka kulazwa hospitali ya Ligula alirudi na mfuko wa dawa mpaka sisi watu wazima tukachanganyikiwa, huyu binti akachukua chaki akaandika ratiba yote nyuma ya mlango, kidonge cheupe saa mbili baada ya kula, cha njano usiku, akawa anaweka alama kila bibi akimeza. Mpaka leo ule mlango haujafutwa.

Sasa juzi nikaenda kuulizia shule moja ya binafsi. Mwalimu wa taaluma kaangalia karatasi, kaweka kidole kwenye fizikia, akaniambia PCB (fizikia, kemia, baiolojia) kwetu ni C zote tatu, huyu nafasi yake HGL (historia, jiografia, kiingereza), hata leo ukilipia anapokelewa. Nikatoka nimeishiwa maneno. Baba yake anasema HGL si nayo fomu faivu, aende. Dada hataki kusikia. Mwingine kwenye familia anasema arudie mtihani mwaka mzima.

Kwa hiyo nauliza, hii D imefunga PCB kila mahali au ni ile shule tu? Akisoma CBG (kemia, baiolojia, jiografia) anaweza kuwa daktari baadae? Kurisiti, yaani kurudia mtihani, somo moja inakuwaje? Na hapa kwetu Mtwara na Lindi kuna chuo chochote anaweza kuingia na matokeo haya? Ushauri wa "aolewe tu" naomba mbaki nao.

Msimbati_boy

Mpeleke VETA akasome umeme mzee, hela iko huko, hizo PCB ni kuumiza kichwa bure

mwl_wa_zamu

Mkuu mjomba tulia kwanza, nafundisha sekondari huku Masasi na kila mwaka mwezi huu nakutana na wazazi wamekata tamaa kwa kitu ambacho hawajakielewa.

Kuna vitu viwili unavichanganya. Shule ya binafsi inajipangia sifa zake, ikitaka C zote tatu au hata B ni mlango wao na hupaswi kugombana nao. Serikali ina vigezo vyake na TAMISEMI, wanaopanga watoto fomu faivu, huwa inavitangaza. Awe na C au zaidi kwenye masomo matatu na kuendelea, dini haihesabiwi. Pointi za masomo saba zisizidi 25. Halafu masomo ya ile kombi anayoitaka, jumla ya pointi zake isizidi 10 na asiwe na F hata moja kati ya hayo matatu.

Sasa chukua kalamu. A ni moja, B mbili, C tatu, D nne. Fizikia nne, kemia tatu, baiolojia tatu. Kumi. Yaani kagonga mwamba ila mpira umeingia. Kwa vigezo huyo binti ana sifa ya PCB, na aliyekwambia nafasi yake HGL alikuwa anajaza madarasa yake.

Ila nisikudanganye, kuwa na sifa ni kitu kimoja na kupangiwa ni kingine. Nafasi za PCB zinagombaniwa na watoto wenye A na B, na wewe uko ukingoni kabisa, kwa hiyo anaweza akaiweka PCB ya kwanza na bado akapangiwa kombi nyingine aliyojaza chini yake. Ndo maana kule chini kwenye machaguo usijaze kitu ambacho hukitaki. Watoto wengi wanajaza PCB, PCM (fizikia, kemia, hesabu), halafu chini wanaandika chochote ili mradi nafasi isibaki wazi, Juni majina yakitoka kapangiwa ile ya chini kabisa analia.

Na kingine, ile selform, fomu ya machaguo waliyojaza shuleni kabla ya mtihani, sio mwisho. Matokeo yakishatoka TAMISEMI huwa inafungua mfumo watu wabadilishe tahasusi (ndo hizo kombi) na vyuo, mara nyingi ni Machi kuelekea Aprili. Muulize leo alijaza nini. Utashangaa, wengi huwa wameandika wakiwa kumi kwenye simu moja ya mwalimu.

Shule za serikali fomu faivu na siksi ada iliondolewa mwaka 2022, utabaki na vifaa, michango na nauli. Ya nauli usiidharau, mtoto wa Newala anaweza akapangiwa Kagera.

tabibu_wa_Mchinga

Mwalimu kasema vizuri ila mimi namtoa mjomba kwenye fomu faivu kabisa.

Mjomba, mimi ni tabibu, nafanya kazi kituo cha afya mkoa wa Lindi. Fomu foo nilikuwa na D ya fizikia na D ya kemia. Nikaenda kusoma Clinical Medicine, yaani utabibu, miaka mitatu nikatoka na diploma. Wenzangu waliokwenda fomu faivu kuna waliotoboa wako Muhimbili sasa hivi, na kuna waliopiga miaka miwili ya PCB wakatoka na matokeo ambayo hayaingii popote, wakarudi kuomba diploma ile ile niliyokuwa namalizia mimi.

Sifa za kuingia ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, ndani yake kuwe na kemia, baiolojia na fizikia. Ufaulu maana yake D na kuendelea. Mpwa wako anayo yote na ziada. Hesabu na kiingereza vinaongeza nguvu, navyo anavyo.

Vyuo huhitaji hata kwenda mbali. Hapo Mtwara kipo chuo cha matabibu, COTC, na Lindi kipo cha kwetu. Kama anapenda uuguzi kuna Nachingwea, Newala kwenu huko huko, na vya misheni Ndanda na Nyangao ambavyo viko pamoja na hospitali, kwa hiyo mwanafunzi anaona wagonjwa toka mapema. Uuguzi nao sio wa kudharau, hospitali hii ninayoijua mimi nesi mzuri ndo anayemwambia daktari mpya afanye nini.

Na usidhani akiwa tabibu udaktari ndo umekufa. Diploma ya Clinical Medicine ukiwa na GPA ya 3.0 kwenda juu unaomba MD, shahada ya udaktari, chuo kikuu, ila wanarudi kuangalia cheti cha fomu foo, wanataka angalau D kwenye hesabu, fizikia, kemia, baiolojia na kiingereza. Kwa hiyo ile D ya hesabu mnayoikunjia sura ndo inamwokoa hapo. Ingekuwa F tungekuwa tunaongea mengine.

Maombi ya vyuo vya afya yanapita kwenye mfumo wa pamoja wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivi, dirisha huwa linafunguliwa katikati ya mwaka. Kabla hujalipa chuo chochote cha binafsi hakikisha kimo kwenye kitabu cha NACTVET na kozi yenyewe imo, maana kuna vyuo vina bango kubwa barabarani kozi haijasajiliwa.

bibi_shamba_Tandahimba

Naomba niongelee CBG kwa sababu nimeisoma na naona huku watu wakishindwa PCB wanaambiwa "basi nenda CBG ni kama ile ile". Sio ile ile.

Kwa udaktari wa binadamu chuo kikuu kutokea fomu siksi wanataka fizikia, kemia na baiolojia, zote tatu. Jiografia haikai kwenye nafasi ya fizikia hata upate A. Mimi niliingia CBG nikiambiwa na mjomba wangu mwenyewe (samahani mwenye uzi) kwamba nitabadilisha mbele ya safari. Nilikuja kujua fomu siksi, tena kwa kuambiwa na rafiki yangu bwenini.

Lakini maisha yangu hayajaharibika, nataka nalo lieleweke. Nikaenda SUA, chuo kikuu cha kilimo, nikasoma kilimo, sasa hivi ni afisa ugani, kazi yangu ni mikorosho na wenye mikorosho, na nikitaka kuonana na watafiti niko karibu na kituo cha utafiti cha Naliendele. CBG inakupeleka kwenye kilimo, mazingira, ualimu wa sayansi, vitu vya maana kabisa. Kwa mtu anayevipenda. Binti anayeandika ratiba ya dawa mlangoni sina uhakika kama anataka kuja kuhesabu ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, na mimi.

Halafu mwaka 2024 kombi ziliongezwa zikafika 65, sio zile chache tulizozijua sisi. Kuna yenye kemia, baiolojia na lishe, kuna yenye kemia, baiolojia na kilimo. Kwa kuwa kemia na baiolojia yake ni C C, hizo aziangalie kabla ya kukimbilia jiografia, ila muulize kwanza ni shule gani zinazo maana sio kila shule inafundisha zote.

Msimbati_boy

Dada hapo kwenye ubwiri unga nimecheka mpaka basi 😂 ila kweli mikorosho inaumwa kuliko watu

kaka_wa_risiti

Nimeona hakuna aliyejibu la kurisiti.

Somo moja inawezekana, halazimishwi kurudia yote. Anajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea kwenye kituo, anakaa mtihani Novemba na wenzake. Usajili kwa kawaida unaanza Januari mpaka mwisho wa Februari, baada ya hapo Machi unalipa na faini. Kwa hiyo mjomba kama unalifikiria hilo ni wiki hizi, usisubiri majina ya fomu faivu yatoke ndo ukumbuke, utakuta dirisha limefungwa na ni mpaka mwaka kesho. Nenda kituo cha karibu na Kitangari uulize, watakupa kontrol namba utalipia kwa simu.

Angalia kituo kiwe na maabara ya kueleweka. Fizikia ina pepa mbili, ya pili ni prakatiko, na huko ndo wengi wa shule za kata wanaachia maksi. Mtoto anajua formula ya pendulamu kwa kichwa ila siku ya mtihani anapewa uzi na kipimo cha sekunde mkono unatetemeka kwa sababu hajawahi kuvishika. Mimi nilivyorisiti sikusoma nadharia mpya kabisa, nilikuwa nakwenda kwa mwalimu mmoja jioni ananipa stopwochi na kipande cha chuma nimefunga uzi kwenye dirisha, nahesabu mizunguko ishirini, naandika, narudia, nachora grafu. Nilitoka D nikapata C na iliyonipandisha ni grafu.

Cha pili, usimwache binti nyumbani mwaka mzima kwa ajili ya somo moja. Hapo simshauri mtu yeyote. Asajiliwe sasa hivi, aendelee na maombi mengine kama kawaida, akipangiwa fomu faivu au chuo anakwenda, Novemba anaomba ruhusa anakuja kufanya pepa zake mbili anarudi. Akipata C cheti hicho kinakaa pamoja na cha kwanza akiomba mahali. Akipata D ile ile hajapoteza mwaka.

mwl_wa_zamu

Kaka wa risiti uko sahihi ila ruhusa ya Novemba iombwe mapema, kama yuko bweni mkoa wa mbali mkuu wa shule anaweza akagoma na safari yenyewe ni siku mbili kwenda siku mbili kurudi. Bora kituo kiwe karibu na atakapokuwa, na hapo ndo shida maana unasajili kabla hujajua atakuwa wapi.

Na tabibu, mdogo wangu, nakubaliana na wewe nusu. Unasema fomu faivu ni kamari, chuo nacho si bure. Mimi nina wanafunzi wangu walikwenda diploma wakiwa na miaka 17 wakakuta ada, hosteli, sare na vitabu vimerundikana mwaka wa kwanza wakarudi nyumbani mwezi wa tatu. Fomu faivu ya serikali mzazi masikini anaimudu. Nimeona pia wasichana wa kata wenye D ya fizikia wakakaa pre-form five, masomo ya kujiandaa na fomu faivu, kuanzia Februari mpaka Juni na mwalimu mzuri, wakaingia PCB wakatoka na C. Sio wote. Wasiofika wengi waliingia Julai bila kugusa daftari toka Novemba, wiki ya pili wanakutana na mekaniksi ya fomu faivu wanadhani ni lugha ya nchi nyingine.

Na humo ndani atakutana na BAM pia, hesabu ya wasiosoma hesabu. Kwa mwenye D lazima ajiandae nayo.

tabibu_wa_Mchinga

Mwalimu shikamoo. Hela ni kweli sibishi. Ila toka mwaka 2023 Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha na diploma, na kozi za afya zimo. Sio kila anayeomba anapata na sio pesa yote, lakini mjomba asiseme haiwezekani kabla hajajaza. Na vyeti vya kuzaliwa vya binti viwe vimehakikiwa mapema, RITA wanaoshughulikia vyeti hivyo ndo wanakwamisha watu wengi kuliko matokeo yenyewe. Kama bado ana tangazo la kliniki tu hilo lishughulikiwe wiki hii.

mjomba_wa_Kitangari

Wakuu Mungu awabariki, nimesoma yote, mengine nimesoma mara mbili.

Nimempigia simu binti jana usiku. Kwenye selform alijaza PCB, CBG, HGL na HGK (historia, jiografia, Kiswahili), na chuo akaacha wazi kwa sababu mwalimu alikuwa na haraka. Nikamuuliza ile HGL ulijaza ukiwa unaitaka, akanyamaza halafu akasema "mjomba nilijaza kwa sababu kila mtu alijaza". Mwalimu wa zamu umenitisha ulivyojua.

Nikamsomea ya tabibu. Akauliza swali ambalo mimi sikuwa nalo, kwamba tabibu anaruhusiwa kushona kidonda? Nikamwambia nadhani ndiyo, tabibu naomba uthibitishe maana nimeshaahidi.

Sasa upande wa hela niwe muwazi. Hela ya korosho ya baba yake ilishaingia kupitia chama na ilishatoka, kalipa deni la dukani na bati za nyumba. Korosho nyingine ni mpaka Oktoba huko. Lakini mama yake ana ekari za ufuta na ufuta unauzwa mwezi wa sita, na fomu faivu wanaripoti Julai, kwa hiyo hapo naona mwanga. Chuo sijui, kama wanataka nusu ada siku ya kuripoti na kuripoti kwenyewe ni Septemba au Oktoba, ufuta utakuwa umeliwa na korosho haijapimwa. Mimi dukani naweza kubeba kidogo, sio yote.

Baba yake nimeongea naye pia. Aliposikia ile hesabu ya kumi, nne jumlisha tatu jumlisha tatu, kanyamaza kidogo halafu kasema "kumbe yule mwalimu wa ile shule hakututukana, alitutania". HGL kaiacha.

tabibu_wa_Mchinga

Kushona tunashona sana tu mjomba, ajali za bodaboda zenyewe unazijua wewe muuza spea. Tunatahiri, tunatibu malaria, tunapokea mama mjamzito nesi akiwa na kazi nyingine. Kituo kisicho na daktari ndo sisi.

Ya nusu ada piga simu chuoni moja kwa moja, vyuo vingi vinapokea kwa awamu, ila apate jibu kwa maandishi asije akafukuzwa mlangoni.

bibi_shamba_Tandahimba

Mama yake aupeleke ufuta kwenye mnada wa chama, asiuze kangomba, kwa walanguzi nje ya mnada, Mei kwa sababu ya haraka ya sare. Nawaona kila mwaka wanauza gunia bei ya kutupwa kisha mwezi unaofuata bei inatangazwa wanashika kichwa.

kaka_wa_risiti

Mimi mpango wangu kama ningekuwa wewe: Februari hii msajili fizikia moja, akae na twisheni ya fizikia na hesabu huko huko Newala au umlete hapo mjini akae kwako. Mfumo ukifunguliwa PCB inabaki juu, HGL na HGK zinatoka, anaweka kombi za kemia na baiolojia, na sehemu ya chuo anaweka vya afya. Yakitoka majina mnaamua na hela iliyopo mkononi, sio leo.

mwl_wa_zamu

Hapo umemaliza, ingawa ya kumleta mjini mjomba aongee na mkewe kwanza 😄

Tahadhari moja. Mwezi wa tano mpaka wa sita kuna watu watakupigia wanasema wako TAMISEMI wanaweza kumbadilishia shule au kumwingiza PCB kwa laki kadhaa. Hao hawana kitu. Hata wakitaja namba yake ya mtihani usishtuke, matokeo yako wazi mtandaoni kila mtu anayaona.

mjomba_wa_Kitangari

Mke wangu kashakubali, anasema atapata wa kumsaidia na wadogo ila na yeye anataka afundishwe kutumia simu 😄 Jumamosi napanda gari ya Newala kwenda kumchukua na kupitia kituo cha usajili.

Swali la mwisho mwalimu. Ule mfumo wa kubadilisha naweza kuujaza mimi hapa dukani kwenye simu yangu au lazima arudi shuleni kwao?

mwl_wa_zamu

Popote penye intaneti, hana haja ya kurudi shule. Ni selform.tamisemi.go.tz, anaingia kwa namba yake ya mtihani na mwaka aliomaliza, halafu anatengeneza nywila. Hiyo nywila iandikeni mahali. Ila ajaze yeye wewe ukiwa pembeni, na akimaliza mfungue tena muone kama imehifadhi, mtandao wa jioni hapo Magomeni naujua.

Msimbati_boy

Mjomba hapo dukani unazo plagi za Boxer?

mjomba_wa_Kitangari

Zipo, njoo kabla ya Jumamosi